Njia ya Wapagazi: Kuivuka Tanzania kwa Miguu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji

Njia ya miguu inayoivuka nchi nzima, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine au kutoka baharini hadi ziwani, kwa kawaida huelezwa kwa sifa za mtembeaji: uvumilivu wake, uzito wa mfuko wake wa mgongoni na idadi ya wiki alizolala nje. Maelezo hayo yanavutia, lakini yanaliacha nyuma jambo lililo la msingi zaidi. Mtu hawezi kutembea kilomita elfu moja katika ardhi ya watu wengine bila kuruhusiwa kupita, bila kuonyeshwa maji, bila kuuziwa chakula na bila kupewa mahali pa kulala. Kwa hiyo njia ya masafa marefu, kabla haijawa mstari katika ramani au alama ya rangi kwenye shina la mti, ni mapatano ya kudumu kati ya wanaopita na wanaoishi. Tanzania iliwahi kuwa na mapatano ya namna hiyo, yaliyodumu kwa miongo mingi ya karne ya 19 katika njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na walioyajenga ni wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo wa kulipwa, wengi wao kutoka Unyamwezi. Ikiwa njia hiyo itafufuliwa kama njia ya matembezi ya taifa, jambo ambalo makala haya yanaona linafaa kufanywa, basi kazi haina budi kuanzia kwao.

Nchi zilizofanikiwa katika jambo hili zimeujua ukweli huo kwa taabu. Huko New Zealand, wazo la kuunganisha ncha ya kaskazini na ncha ya kusini kwa njia moja ya miguu lilipata mtetezi mpya mwaka 1994, mwandishi wa habari Geoff Chapple, lakini njia yenyewe, iitwayo Te Araroa, yenye urefu wa takribani kilomita 3,000 kutoka Cape Reinga hadi Bluff, ilifunguliwa rasmi Desemba 2011, baada ya miaka kumi na saba ya kukata vichaka na, zaidi ya hapo, ya kuzungumza na wenye mashamba, halmashauri, idara ya hifadhi na jamii za Wamaori. Pale ambapo ruhusa au fedha hazijapatikana, mtembeaji hufuata barabara ya magari hadi leo. Uingereza ilianza kwa ugomvi: mwaka 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi wa Manchester na vitongoji vyake, walipanda Kinder Scout bila ruhusa ya wamiliki waliokuwa wameitenga milima hiyo kwa ajili ya kuwinda ndege, na baadhi yao wakafungwa jela; sheria ya hifadhi na ya kuyafikia mashamba ilipitishwa mwaka 1949, na njia ya Pennine Way, iliyopendekezwa na Tom Stephenson mwaka 1935, ilifunguliwa mwaka 1965. Miaka thelathini kwa njia isiyofika hata kilomita 450 ni muda mrefu, na sababu ya urefu huo haikuwa ugumu wa mlima.

Njia ya kati ya Afrika Mashariki ilikuwa na urefu wa takribani kilomita 1,200. Kutoka Bagamoyo, mji unaotazamana na Unguja, msafara ulivuka mto Kingani, ambao leo unajulikana zaidi kwa jina la Ruvu, ukapita katika nchi za Wazaramo, Wakwere na Wakami, ukapanda milima ya Ukaguru na Usagara kupitia vituo kama Mamboya, kisha ukafika Mpwapwa, ambako maji yalipatikana na wasafiri walipumzika kwa kuwa mbele yao palikuwa na Marenga Mkali, nyika kavu inayoitenga Mpwapwa na Ugogo. Baada ya Ugogo, nchi ya mibuyu na mvua haba, njia ilipanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Kilimatinde, ikaingia Mgunda Mkali, pori refu ambalo misafara ililivuka kwa hofu ya kiu na njaa, ikatokea Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ambako makazi ya Kazeh na Kwihara yalikuwa ghala na makutano ya biashara ya bara. Kutoka hapo ilielekea magharibi hadi Uvinza, nchi ya chemchemi za chumvi iliyochemshwa na kuuzwa mbali karne nyingi kabla ya mfanyabiashara wa pwani kufika, ikavuka Malagarasi na kuishia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika.

Anayeisoma orodha hiyo ya majina anaweza kudhani kwamba ulikuwa mstari mmoja uliochorwa ardhini. Ukweli ni kwamba palikuwa na mapito mengi yaliyokwenda sambamba, yakitengana na kukutana tena, na msafara ulichagua moja kati ya hayo kwa kufuata habari za mvua, bei ya mtama, vita, au hasira ya mtemi fulani aliyedai kwamba hakulipwa mwaka uliopita. Mwaka 1871, vita kati ya Mirambo, mtawala wa Urambo, na wafanyabiashara wa Unyanyembe vilipoifunga njia ya magharibi ya Tabora, Henry Morton Stanley alilazimika kuzunguka kusini kabla ya kufika Ujiji. Jambo hili lina uzito kwa wapangaji wa leo, kwa sababu njia inayojengwa kana kwamba kuna mchirizi mmoja wa kweli utakaovumbuliwa na wataalamu wa mambo ya kale, kisha ukawekewa nguzo za saruji, itakuwa imeikosea historia tangu mwanzo.

Upagazi ulikuwa kazi yenye utaratibu, vyeo na sheria zake. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia aliyeteuliwa kwa ujuzi wake wa maji, mapito na lugha, mwenye vazi jekundu na pambo la manyoya kichwani, akibeba bendera, na mpagazi yeyote aliyempita njiani alitozwa faini. Nyuma yake walikuja wachukuzi wa pembe za ndovu, waliokuwa na heshima kuliko wengine, kisha wenye mizigo ya nguo na shanga, kisha wenye vyombo na vitu vidogo vidogo, huku wanyapara, yaani wasimamizi wa makundi, wakiangalia nidhamu na kupeleka malalamiko kwa mwenye mali. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, ambazo ni kama kilo 32, bila kuhesabu mkeka, chungu, silaha na chakula cha mchukuzi mwenyewe. Mwendo ulianza alfajiri na kukoma kabla ya jua kuwa kali, isipokuwa pale ambapo kituo kinachofuata cha maji kilikuwa mbali mno. Hapo ilipigwa terekeza, mwendo wa kuondoka mchana, kulala porini bila maji na kuendelea mapema siku ya pili hadi kisimani, mbinu ambayo bila hiyo Marenga Mkali na Mgunda Mkali zingekuwa makaburi makubwa zaidi kuliko zilivyokuwa.

Malipo yalikuwa ya nguo, hasa merekani, kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya Marekani, na kaniki, nguo ya buluu iliyokoza iliyotoka India, na sehemu ya malipo ilitolewa kabla ya safari. Juu ya ujira palikuwa na posho, mgao wa chakula uliopimwa kwa kibaba cha nafaka au uliotolewa kama nguo na shanga za kununulia chakula vijijini. Posho ilipopunguzwa, wapagazi waligoma kuinua mizigo. Walipopigwa au kudanganywa, walitoroka usiku, na mwenye mali alibaki na marobota yake porini. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya njiani katika Afrika Mashariki ya karne ya 19, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba watu hawa walikuwa wafanyakazi wa mshahara wenye desturi, heshima na madai yao ya pamoja, zama ambazo reli na mashamba ya wakoloni vilikuwa bado. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kufika pwani na kurudi kulikuwa alama ya utu uzima. Wanawake nao walikuwamo, wake na wenzi wa wapagazi, wakipika, wakibeba vyombo na wakifanya biashara yao ndogo, ingawa vitabu vya wasafiri wa Ulaya huwataja kwa mstari mmoja na kuendelea na mambo ya mwandishi.

Kalenda ya kazi hiyo ilifuata kilimo. Misafara mingi ya Wanyamwezi iliondoka bara baada ya mavuno, mvua za masika zikiwa zimekwisha, ikarudi kabla ya msimu wa kupanda, na kwa sababu hiyo wapagazi waliendelea kuwa wakulima, na wakulima hao waliijua nchi hadi baharini. Mtalii wa leo anayeshauriwa kutembea kati ya Juni na Oktoba hufuata, bila kujua, ratiba iliyopangwa na wenye mashamba ya mtama.

Taasisi iliyoiwezesha njia kuliko nyingine zote ni hongo, yaani ushuru wa kupita uliolipwa kwa watawala wa njiani, kabla neno hilo halijabaki na maana ya rushwa peke yake. Ugogo haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwa na watemi wengi, kila mmoja akimiliki eneo dogo lenye visima vyake, na msafara ulipofika ulituma wajumbe, ukasubiri, ukasikia dai, ukapinga, ukapunguziwa, ukalipa kwa doti za nguo, na mara nyingine shughuli yote ilichukua siku kadhaa. Wasafiri wa Ulaya waliandika juu ya desturi hii kwa hasira, wakiiita unyang'anyi, na hukumu yao imerithiwa na vitabu vingi vya baadaye. Hukumu hiyo haistahili kurithiwa. Mwanakijiji aliyechimba kisima katika mchanga wa mto mkavu, na ambaye angeweza kushuhudia watu mia tano wenye kiu wakikikausha katika usiku mmoja, alikuwa na haki ya kudai malipo si chini ya mwenye nyumba ya wageni anayetoza kwa kitanda. Zaidi ya hayo, hongo ilinunua kitu: kupita kwa amani, ruhusa ya kuteka maji na soko la nafaka. Stanley mwenyewe, alipochoshwa na madai ya Waha karibu na mwisho wa safari yake ya mwaka 1871, aliwatorosha watu wake usiku ili asilipe tena, na tukio hilo, ambalo yeye alilisimulia kama werevu, kwa upande wa waliokuwa wanadai lilikuwa wizi wa kawaida.

Kuna upande mwingine wa njia hii ambao hakuna mpango wa utalii unaoruhusiwa kuufunika. Katika mapito yale yale walitembea watu waliofungwa minyororo na makongwa, waliotekwa au kununuliwa bara na kupelekwa pwani, na wengi wao walifia njiani kwa njaa, ndui na mapigo. Mkataba wa mwaka 1873, ambao Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kuutia saini, ulifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku usafirishaji wao baharini, lakini biashara hiyo haikukoma siku moja bara. Tanzania iliiweka njia hii mwaka 2006 katika orodha ya awali ya UNESCO, yaani orodha ya maeneo ambayo nchi inakusudia kuyapendekeza kuwa urithi wa dunia, kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni haki mtumwa atajwe kwanza. Hata hivyo, jina linalotaja bidhaa mbili, mtu aliyeuzwa na jino la tembo, linamwacha nje aliyeibeba njia yote mabegani, na mgeni anayelisoma huondoka akiamini kwamba kila Mwafrika aliyepita hapo alipita amefungwa. Imani hiyo ni potofu, na inawanyima wajukuu wa wapagazi sehemu ya historia yao iliyo na kazi, hesabu na migomo ya ushindi.

Upungufu huo ni mkubwa zaidi katika kumbukumbu zilizokwisha kujengwa. Kwihara kuna tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa, inayohifadhiwa kwa sababu David Livingstone alikaa humo mwaka 1872. Ujiji kuna mnara na jumba la makumbusho kwa sababu Livingstone na Stanley walikutana pale. Richard Burton na John Speke, walioondoka pwani Juni 1857 na kufika Kazeh Novemba, baada ya zaidi ya miezi minne, wanatajwa kama waliolifikia Ziwa Tanganyika mwaka 1858, ingawa walifika kwa kuongozwa hatua kwa hatua katika njia iliyokuwa na vituo, bei na ratiba. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akapelekwa India na kurudi Unguja akiwa mtu huru, alitembea na Burton na Speke, kisha na Speke na James Grant hadi chimbuko la Naili, kisha na Stanley hadi Ujiji, kisha na Verney Lovett Cameron kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Angola, orodha ambayo wengi wa waajiri wake hawakuifikia. Na safari ya miguu iliyo kubwa kuliko zote zinazohusishwa na Livingstone ilifanyika baada ya kifo chake mwaka 1873, pale Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao walipoukausha mwili wake na kuuchukua kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hawakuwa na mwajiri tena; waliamua wenyewe, wakapanga njia wenyewe, wakajadili hongo wenyewe.

Ushahidi wa upande huu haukosekani, tena upo kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kama Tippu Tip, mfanyabiashara ambaye mikono yake haikuwa safi, aliacha maisha yake kwa maandishi ya Kiswahili yaliyojaa majina ya watemi, bei na miendo. Selemani bin Mwenye Chande alieleza safari yake ya bara katika simulizi lililochapishwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika desturi za Waswahili, safari zikiwamo, katika kitabu kilichotoka mwaka 1903. Inashangaza kwamba nchi yenye maandiko haya kwa lugha yake ya taifa bado huwaeleza wageni na wanafunzi wake njia hii kwa shajara za Waingereza.

Njia iliuawa na reli. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ukiziacha kando ncha zote mbili za zamani, Bagamoyo upande wa mashariki na Ujiji upande wa magharibi, ambazo tangu hapo zimeishi kwa kumbukumbu zaidi kuliko kwa biashara. Upagazi wenyewe ulirudi kwa sura mbaya: katika vita vya 1914 hadi 1918, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yaliwakamata wanaume wa Afrika Mashariki kwa mamia ya maelfu kubeba risasi na chakula, na makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi cha wachukuzi wa vita hivyo, lakini wengi wanaonunua vitunguu pale hawana sababu ya kulijua hilo. Huenda kumbukumbu ya shuruti hii ndiyo iliyoifunika ile ya awali, hata mpagazi akaonekana daima kama mtu aliyelazimishwa.

Kutembea kulipata heshima mpya baada ya uhuru, kwa muda mfupi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijana walifanya matembezi marefu ya kuliunga mkono, mmoja wao, Seti Benjamin, akafariki njiani akitoka Arusha kwenda Dar es Salaam, na Oktoba mwaka huo Mwalimu Julius Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuhudhuria mkutano mkuu wa TANU. Baada ya hapo shughuli hiyo ilififia. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1961, bado huzunguka wilaya zote kila mwaka, lakini huzunguka zaidi kwa gari, ukisubiriwa na viongozi waliopanga mstari, na hauachi nyuma yake njia ambayo raia wa kawaida anaweza kuifuata siku inayofuata.

Pingamizi la kwanza dhidi ya njia ya taifa ya matembezi ni zito na linastahili kujibiwa bila dharau. Mamilioni ya Watanzania hutembea kila siku kwa sababu hawana nauli: mtoto kwenda shule, mwanamke kwenda kisimani, mgonjwa kwenda zahanati. Kuwaambia kwamba kutembea ni burudani ya kulipia kunaweza kuonekana kuwa kejeli. Lakini pingamizi hili linahusu nani atembee na nani alipwe, halihusu njia yenyewe. Wapagazi nao hawakutembea kwa burudani, na hawakuona aibu kudai ujira. Jirani aliye karibu anaonyesha namna mojawapo: Rwanda imeweka Congo Nile Trail, njia ya kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, inayopita mashambani na vijijini, ambamo mtembeaji na mwendesha baiskeli hukutana na watu wanaolima na kuvua badala ya lango la hifadhi. Kwa upande wa wachukuzi, Kilimanjaro imekwisha kuweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mtu mmoja, kiasi kilicho chini sana ya frasila mbili, ingawa malalamiko kuhusu mishahara na mavazi ya wachukuzi wa mlima huo hayajawahi kwisha. Njia ya Bagamoyo na Ujiji isianzishwe kabla ya kiwango cha ujira kuandikwa, kwa sababu kuadhimisha wafanyakazi wa karne ya 19 kwa kuwapunja wa karne ya 21 kungekuwa upuuzi.

Sheria haina kizuizi kikubwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua njia za umma zinazopita katika ardhi iliyo mikononi mwa watu, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji inayowajibika kwa mkutano mkuu wa wanakijiji. Maana yake ni kwamba mwenye kauli kuhusu pito linalokatiza shamba la mtama si wizara. Ni wanakijiji, kwa mamia ya vijiji, kimoja baada ya kingine, kama ilivyokuwa kwa watemi. Urasimu utachukia mfumo huu kwa sababu zile zile zilizomkasirisha Stanley. Utatafuta njia ya mkato, pengine tangazo moja katika Gazeti la Serikali na mabango mia moja, na matokeo yake yatakuwa njia iliyopo katika brosha, ambayo mtembeaji akiifuata atakuta bango limeng'olewa kwa ajili ya kuni na mkulima anauliza amepewa ruhusa na nani.

Reli, kwa upande wake, inaweza kulipa deni lake. Watu wachache watakuwa na miezi miwili ya kutembea kilomita 1,200, na njia zote kubwa za dunia hutumiwa zaidi na wale wanaochukua kipande cha siku tatu au tano. Reli ya zamani ina stesheni Kilosa, Gulwe iliyo karibu na Mpwapwa, Dodoma, Manyoni, Tabora, Uvinza na Kigoma, kwa hiyo karibu kila kipande kina mahali pa kushukia na pa kupandia, na treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 inamfikisha mkazi wa Dar es Salaam Ugogo kabla ya chakula cha mchana. Mtembeaji wa kwanza wa kufikiriwa awe huyo, mwalimu au karani mwenye likizo ya wiki moja na viatu vya kawaida, pamoja na wanafunzi wa sekondari za njiani. Mgeni wa ng'ambo mwenye vifaa vya bei kubwa atakuja mwenyewe akisikia.

Kipande cha kuanzia kiwe kile kigumu, kati ya Mpwapwa na Kilimatinde. Kishawishi kitakuwa kuanzia Bagamoyo, kwenye hoteli na magofu, lakini mahali palipoamua kama msafara utapita au hautapita palikuwa Ugogo, na bado ndipo penye maji machache, mifugo mingi na subira ndogo kwa wageni wanaokunywa bila kuuliza. Visima vitahesabiwa, wenye visima watatajwa, na kiwango cha malipo kwa kila kituo kitajadiliwa kwa uwazi katika mkutano wa kijiji, kiandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtendaji kwa Kiswahili na Kigogo, na kilipwe papo hapo kwa risiti, kwa simu au taslimu, kwenye mfuko wa kijiji chenyewe. Malipo yakikusanywa Dar es Salaam kwa ahadi ya kurudishwa katika bajeti ya mwaka unaofuata, wanakijiji watafanya kama walivyofanya watemi walipoletewa ahadi badala ya nguo: watafunga kisima, na msafara utasubiri.